Nyonga Yangu na Maua ya Mvua ya Kwanza

Kama unasoma haya ukiwa umelalia ubavu mmoja kwa sababu ule mwingine haulaliki, wewe ndiye ninayekuandikia. Mimi si daktari. Sitakueleza vijidudu vinaingiaje kwenye damu, maana kila nilipojaribu kusoma habari hizo kwenye simu niliishia kuamini nina magonjwa mengine mapya. Nitakueleza tu nilivyougua, nilivyongoja, na nilivyopanda kilima.

Naitwa Nyangeta. Nilikuwa nimepanga chumba Bunda na kufanya kazi kwenye duka la steshenari: kuchapa, kutoa kopi, kutengeneza kadi za harusi. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, hakuna aliyenifundisha, na labda ndiyo maana nikawa naogopa kukosea. Nachapa kadi, naitazama, naona jina la bwana harusi limeegemea kushoto kidogo kuliko la bibi harusi, nachapa tena. Bosi wangu alikuwa akisema nitamaliza wino wa mkoa mzima. Alisema kwa utani, lakini usiku nililala nikiyafikiria yale majina.

Kitu kimoja tu kilinipumzisha. Jumamosi nilikuwa napanda gari kwenda Butiama, kwa bibi mzaa baba. Nyuma ya nyumba yake kuna kilima cha mawe, na mimi na vijana wenzangu wa kanisani tulifyeka njia ya miguu kutoka zizini kwake hadi juu kabisa, tukaweka alama za rangi nyeupe kwenye mawe. Watu wakaanza kuja kutembea: walimu, wanakwaya, watu wa Musoma wanaotaka kunyoosha miguu. Wanakuja zaidi vuli inapoanza. Mwisho wa kiangazi kilima kile kinakuwa na rangi ya majivu, huwezi kuamini kuna kitu hai ndani yake. Mvua ya kwanza ikipiga, kabla nyasi hazijaota, maua yanatangulia. Kuna mekundu ya duara, yamesimama kwenye udongo mtupu bila hata jani moja, kila ua kama nyuzi za sufu zilizofungwa pamoja. Kuna madogo ya njano kama nyota. Kuna meupe yanayotambaa chini, ukiyaona kwa mbali unadhani mtu amechana karatasi akazitupa. Bibi ana majina yake ya Kizanaki ambayo sijui kuyaandika vizuri, kwa hiyo siyaandiki. Majina ya kitabuni nilikuwa nayatafuta kidogo kidogo kwenye simu. Yanachanua kwa muda mfupi tu. Nyasi zikipanda, yamefunikwa, na umeyakosa hadi mwaka mwingine.

Homa ilinianza masika. Ilikuwa ya jioni. Asubuhi naenda kazini kama mtu mzima, saa za kufunga duka natetemeka, na alfajiri shuka limelowa kiasi cha kukamua. Nilinunua dawa za malaria. Nikapata nafuu kidogo, ikarudi. Nikapewa dawa za taifodi. Nafuu kidogo, ikarudi. Nilimeza kila kidonge kwa saa yake kamili, kwa sababu mimi ni mtu wa kufuata maelekezo, na nilikasirika kwamba nafuata maelekezo na bado siponi. Kisha mgongo ukaanza. Kutoka mgongoni maumivu yakateremka hadi nyonga ya kushoto, yakakaa pale kama mtu aliyehamia na vyombo vyake.

Bibi aliposikia alifanya anachofanya siku zote. Kwa bibi, mgonjwa ni mtu aliyepungukiwa maziwa. Akaanza kunitumia dumu kwa bodaboda, maziwa ya asubuhi ile ile, yakifika bado yana uvuguvugu wa ng'ombe. Hayakuwa yamechemshwa. Katika ukoo wa bibi maziwa ya ng'ombe anayenyonyesha hayawekwi motoni. Wanaamini moto ukiyagusa, ng'ombe anaumia kiwele kule kule alipo, na maziwa yanakauka. Sisi wote tumekua hivyo. Nilikunywa dumu lote kila lilipofika. Nikipata siku mbili za nafuu tulimshukuru ng'ombe.

Siku niliposhindwa kuinuka kwenye kiti cha kazini, bosi aliniitia bajaji akaniambia niende kwetu nikaugue vizuri. Kwetu ni Bweri, Musoma, kwa mama. Baba anafanya biashara ya samaki Rukuba, kisiwani, na huko simu inapatikana akipenda Mungu. Kwa hiyo tulikuwa mimi na mama. Alikuwa ananiogesha. Niliona aibu kuliko nilivyoona maumivu: mtu mzima, nimeshika ukingo wa beseni, mama ananisugua mgongo huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini ili tusilazimike kuongea. Nilikonda. Sketi zilishikiliwa kwa pini. Jirani mmoja alimwambia mama kwamba siku hizi kuna dawa nzuri za virusi, mtu anaishi miaka mingi tu. Nilikuwa nimeshapima na sina, lakini nilikaa ndani wiki nzima nikihisi kama niliyekutwa na kosa.

Hospitali tuliyokwenda ina mabenchi marefu ya mbao, na nilijifunza kwamba benchi ni sehemu ya ugonjwa. Unajifunza upande upi unapata upepo, nani anaruka foleni, mlango upi ukifunguka moyo unaruka. Nilikuwa nafika kabla ya wote. Nilijua foleni itakwenda vilevile, lakini nikiwa wa kwanza nilihisi kuna kitu nimekifanya sawasawa.

Daktari alikuwa dada wa makamo, mpole, asiye na haraka. Hakuanza na homa. Aliuliza kama kwetu tunafuga. Nikasema ndiyo, kwa bibi. Akauliza kama maziwa tunachemsha.

"Hapana," nilisema, na nakiri nilisema kwa kujivuna. "Sisi tunakunywaga yakiwa na moto wa ng'ombe mwenyewe."

Akaweka kalamu chini. Akauliza kama kuna ng'ombe aliyetupa mimba. Mama akanitazama. Mwaka uliopita mmoja wa ng'ombe wa bibi alitupa mimba, tulihuzunika wote, kisha akashika nyingine akazaa. Maziwa yale yalikuwa yake.

Vipimo vilikuja vikasema ni bruselosi. Wafugaji wanauita ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa ng'ombe unatoa ndama, kwa mtu unakaa kwenye viungo. Niliposikia nililia, na mama akadhani ni habari mbaya. Nililia kwa sababu ulikuwa na jina.

Tiba ilikuwa sindano za kila siku kwa wiki za mwanzo, na vidonge vya miezi kwa sababu nyonga ilikuwa imeshaingiliwa. Daktari alinionyesha picha ya mifupa akasema hapa pameliwa kidogo. Nikamuuliza swali moja tu: nitapanda kilima mvua za kwanza zikija? Nilitaka aseme ndiyo au hapana.

"Dawa itaua ugonjwa," alisema. "Nyonga, tutaona."

Sijawahi kulichukia neno kama nilivyolichukia hilo. Tulikuwa katikati ya kiangazi. Nilihesabu mwenyewe nikaona dozi itaisha karibu na vuli. Nikajiwekea huo ndio mtihani wangu: ama nitafika juu maua yakiwa wazi, ama nitakuwa mtu wa kuhadithiwa habari za kilima.

Sasa hapa ndipo palipokuwa pagumu kuliko sindano. Lazima bibi aambiwe. Maziwa yalikuwa bado yanakuja, na yeye mwenyewe alikuwa anakunywa. Mama hawezi kumwambia. Yeye ni mke wa mtoto wake, na mkamwana hamwambii mama mkwe kwamba maziwa ya zizi lake yameleta ugonjwa. Hilo kwetu halitamkwi. Baba alikuwa kisiwani. Nilibaki mimi. Nilitunga hotuba. Niliisema kitandani, nikaisema bafuni, nikabadilisha maneno, nikatoa neno "ugonjwa" nikaweka "tatizo", nikalirudisha.

Bibi akaja Bweri mwenyewe, na dumu mkononi, utani ukimtangulia mlangoni. Mimi na yeye ni watani, ananiita mke mwenza kwa sababu marehemu babu alikuwa akiniita mke wake mdogo.

"Mke mwenzangu, bado umelala tu? Na huyo mume wetu aliyelala makaburini atapikiwa na nani?"

Nikacheka, na hotuba yote ikapotea. Nikamwambia vibaya kuliko nilivyoweza kumwambia. Nikasema daktari amesema ni maziwa.

Akatazama dumu.

"Mimi nakunywaga maziwa haya toka sijaota meno," akasema. "Mbona sijafa?"

Nikaanza kueleza kwamba wengine hayawaumizi, wengine yanawaumiza. Akanikata.

"Kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa nakuua. Kidogo kidogo, na bodaboda nikimlipa."

Mama alikuwa mlangoni, ameinamisha kichwa, hana ruhusa ya kusema hata neno moja. Bibi akafunga kitenge chake vizuri, akachukua dumu lake likiwa limejaa, akaondoka. Hakunywa hata maji. Usiku ule mama aliniuliza kwa nini sikusema kwa ustaarabu. Nikamuuliza kwa nini hakusema yeye. Tukanuniana siku kadhaa ndani ya vyumba viwili, yeye ananiogesha tukiwa tumenuna, na wimbo wa kanisani ukakoma.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Dawa nyekundu ilifanya mkojo wangu uwe kama soda ya machungwa. Mara ya kwanza nilipiga kelele mama akaja mbio, na tukapatana hapo hapo, tukicheka chooni. Kama na wewe umepewa hiyo dawa, ujue ni kawaida, hufi. Dawa nyingine ilinifanya niungue na jua hata la asubuhi, nikawa natembea na mwavuli chini ya anga isiyo na wingu. Nywele zilibaki kwenye kitana. Kichefuchefu kilipungua nilipogundua nimeze baada ya ugali na si kabla.

Kwenye benchi la sindano nilipata rafiki. Kaka Masatu, mfanyabiashara wa ng'ombe wa upande wa Bunda, alikuwa na ugonjwa huo huo kwenye magoti. Alikuwa mkubwa wa mwili na mwoga wa sindano kuliko mtoto. Kila aliponikuta nimemtangulia alinitania.

"Dada, umekuja kufungua mlango au kutibiwa?"

Siku nyingine alisema sisi tunaugua ugonjwa wa ng'ombe, tungeenda tu mnadani tungepata huduma haraka. Lakini ni yeye pia aliyeniambia, bila utani, kwamba mkewe naye alikataa kuweka maziwa motoni. Waligombana nusu mwaka. Nikamuuliza walimalizaje. Akasema hawakumaliza kwa maneno ya daktari. Mkewe alitafuta njia yake mwenyewe. Nikamuuliza njia gani, akaitwa ndani kwa sindano, akaanza kulalamika kabla hata hajakaa.

Nilianza mazoezi. Kutoka mlangoni hadi bombani. Kutoka bombani hadi kwenye nyumba mpya ambayo haijaezekwa. Kila jioni nilitaka kwenda mbali kuliko jana, na jioni nilizoshindwa nilijiona nimefeli mtihani. Daktari alipoona nimeumiza nyonga upya kwa kujilazimisha, alinikanya: mwili hausahihishwi kama kadi ya harusi. Nadhani mama alikuwa amemsimulia. Nikajifunza kurudi nyuma siku nyingine, bila kulia. Nasema nikajifunza, lakini nililia mara nyingi.

Halafu asubuhi moja, bila kupiga simu, bibi akatokea. Alikuwa na chupa ya chai chini ya kwapa. Akakaa, akaomba kikombe, akamimina. Maziwa yalitoa moshi na yalikuwa na utando juu.

"Nimechemsha," akasema.

Akasogeza kikombe mbele yangu.

"Nimechemshia kule nyuma, mbali, mahali upepo unatoka zizini kuja jikoni. Ng'ombe hajasikia harufu. Hajui kitu."

Habari ikaja kutoka kidogo kidogo. Alikuwa amemfuata mwenyewe mtaalamu wa mifugo wa kata, akamleta akawapima ng'ombe wake wote wawili. Yule aliyewahi kutupa mimba alikutwa na ugonjwa. Akachinjwa chini ya usimamizi wa yule mtaalamu. Bibi hakula nyama yake. Akaenda pia zahanati kujipima, akakutwa mzima, na jambo hilo alilisema mara tatu. Aliyebaki ni mmoja, na kwa ajili ya maziwa ya huyo ndiyo alikuwa amehamishia jiko nyuma ya nyumba.

"Wiki ya pili hii," alisema, "na kiwele bado kimejaa. Basi nikasema nimletee mke mwenzangu."

Nilishika kikombe. Nakwambia ukweli wewe unayesoma: niliogopa. Nilijua yamechemshwa, utando nilikuwa nauona, na bado nilikichungulia kikombe mara mbili. Bibi alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Nikanywa. Yalikuwa na ladha ya moshi. Mama akapeleka kikombe chake naye akamiminiwa, akapiga goti kidogo kumshukuru mkwewe. Bibi akamwambia ainuke, sakafu ina baridi.

Nilikuwa nimepanga kupanda kilima siku nitakayokuwa nimepona kabisa. Nilikuwa na picha yake: sichechemei, dozi imeisha, viatu vipya, alama za njiani zimepakwa upya. Mvua haikuuliza. Ilikuja mapema, ikapiga Butiama siku mbili mfululizo, na vidonge vyangu vilikuwa bado havijaisha. Bibi akapiga simu.

"Yale mekundu yametoka," akasema. "Nyasi nazo zimeanza."

Mama alisema nisubiri wiki mbili. Nilijua baada ya wiki mbili kutakuwa na nyasi tu. Nilikaa kitandani nikiwa na sababu zote za kusubiri, zote za maana, na nikaona kwamba sababu hizo hazitaisha hata nikipona, kwa sababu si nyonga inayozitengeneza. Nikampigia daktari. Akasema nipande taratibu, na fimbo, na nikisikia maumivu ya kuchoma nigeuze. Nikamwambia mama naenda. Akafunga begi, akasema basi twende wote.

Vijana wa kanisani walikuwa wanapanda Jumamosi ile. Niliwaambia watangulie. Mama alibaki chini na bibi, kwa sababu nilimwomba, nisingeweza kupanda huku nikisikia anavyovuta pumzi kila ninapoyumba. Bibi alisimama zizini akinipungia fimbo yake.

"Mke mwenzangu, ukianguka, usiangukie maua."

Mwanzo wa njia ni tambarare, na hapo nilijidanganya kwamba itakuwa rahisi. Alama zetu nyeupe zilikuwa zimefifia, nyingine zimepinda, na mkono uliniwasha kwa kutaka brashi. Nikazipita. Kisha ikaja sehemu ya majabali, ambapo lazima uinue mguu wa kushoto juu ya jiwe kwanza, hakuna namna nyingine. Nikainua, haukufika. Nikasimama pale muda mrefu. Wenzangu walikuwa wameshapotea juu, nasikia sauti zao tu. Nikaweka fimbo chini, nikashika paja langu kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mzigo wa kuni, nikaliweka juu ya jiwe, nikajivuta. Nyonga ilisema, lakini haikuchoma. Jiwe la pili nikafanya hivyo hivyo. La mwisho nilipanda bila kushika.

Na pale juu ya majabali, udongo wote ulikuwa mwekundu. Sijawahi kuyaona mengi hivyo. Yamesimama kwenye matope, hayana jani, mvua imeyapiga, mengine yamepinda shingo, mengine yameliwa upande na wadudu, na yote yanawaka. Chini yake yale meupe yametambaa kila mahali, mengine bado yamefumba. Nilipiga picha, ikatoka imetikisika. Nikaiacha hivyo hivyo.

Nikaendelea hadi kileleni. Vijana waliponiona natokeza, mmoja akasema tumekuachia kipande cha muhogo, na nikala nikiwa nimekaa juu ya jiwe, jasho linanitoka, jasho la kupanda na si la homa. Niliitambua tofauti yake. Lilikuwa la moto, na upepo ukalikausha.

Walitaka kunishusha mgongoni. Nilikataa. Kushuka kuliniuma kuliko kupanda, na nilishuka kwa makalio sehemu mbili, mbele ya wanakwaya, nikiwa nimechafuka matope hadi kiunoni. Mama alinipokea zizini akanishika mabega akanitazama miguuni, kisha usoni, na akaanza kuimba.

Daktari alipiga picha nyingine dozi ilipoisha. Ugonjwa umekwisha. Mfupa una kovu, na siku za baridi linanikumbusha. Mimi nimerudi Bunda, na kadi za harusi bado nazichapa mara mbili, lakini si mara tano. Wewe pima, usibunibuni. Maliza dozi hata ukijisikia mzima. Chemsha maziwa, na kama kwenu kuna mtu kama bibi, mpe nafasi atafute upande wake wa upepo. Usingoje kupona kabisa ndipo uanze kutoka nje.

Siku ya pili baada ya kupanda kilima ilikuwa Jumapili. Nyonga ilikuwa imevimba kidogo, na mama alikuwa ameshapanga tuondoke mchana. Tulipotoka kanisani niliwaambia mama na bibi watangulie nyumbani, nikavua viatu vya kanisani, nikavaa vya matope. Mama akauliza naenda wapi tena, si nimeshafika juu. Nikamwambia yale meupe jana yalikuwa bado hayajafunguka yote.